Pumzi ya Injini

Nilichoona kwanza ni kucha zake, nyeusi kwa oili, juu ya mkoba safi. Mwenyewe, mama mmoja fundi wa magari, alikaa mbele yangu kwenye basi, na kijana wa pembeni yake alikuwa akijigamba: "Gari langu liko gereji. Leo wanaondoa kikomo cha injini. Sasa hivi ikifika mizunguko elfu saba kwa dakika inajizuia, mimi nataka elfu tisa!"

"Mwanangu, nguvu yake inaanza kupungua kwenye elfu sita. Ukizidisha unapata kelele, kisha unapata vyuma chakavu."

"Mama, hayo ni mambo ya matrekta."

"Haya, pumua upesi upesi. Ongeza! Ongeza tena!"

Kijana akahema mpaka akakohoa, na abiria wote wakageuka. "Hewa imefika kifuani?" mama akauliza. "Haijafika," kijana akajibu. "Basi na injini ni hivyo hivyo. Ikizunguka mno, haiwahi kujaza pumzi."

Basi likasimama. Kijana akashuka akibembeleza, "Elfu nane basi, mama, nane tu!"

Mimi niliacha shule darasa la tano kwa kuona haya kuuliza. Asante, mama. Nyuma yako nami nilihema kimyakimya ndani ya mtandio, nikaelewa kabla ya yule kijana.