Matundu Yaliyotazama Jumba la Raja

Sogeeni, wapwa zangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Ittiamma, niinue kidogo. Chathu, acha kumnunia dada yako mbele yangu.

Mashamba ya pilipili manga ni yenu wote, yalikuwa ya mama yenu na ya mama yake. Mnachogombania ni kilima: Chathu anataka Waingereza wajenge ghala pale, Ittiamma hataki hata kuwaona. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwa mkalimani wa Raja, mfalme wetu, kwao.

Walipofika waliomba kipande cha ufukwe wajenge ghala, mvua isije ikalowesha mzigo, na Raja akawapa pamoja na tambuu ya ukaribisho. Mimi nilipita pale nikashangaa. Adui wa pilipili manga ni unyevu. Ukuta mnene namna ile ulikuwa wa kumzuia nani? Walisema wanawahofia Wafaransa, watu wa baharini. Nikapanda ngazi, nikachungulia kwenye matundu ya mizinga nikitarajia kuona bahari, nikaona jumba la Raja na nguo za wanawake zilizoanikwa uani.

Nikamuuliza mkubwa wao, Harwood, ambaye tulizoea kutaniana, “Bwana, siku hizi Wafaransa wanatokea jikoni kwetu?”

Akacheka, kisha akaacha. “Wewe kazi yako kutafsiri maneno,” akasema, “si kuta.”

Nikamweleza Raja. Hakuchomoa upanga, alikataza watu wasichume. Pilipili manga ikaiva, ikaanguka, ikaliwa na ndege, na meli zao zikarudi tupu. Nasi tulipata taabu: mama yenu alikuwa na mimba yako, Chathu, akanywa uji mwepesi msimu mzima. Mwishowe Harwood mwenyewe aliubomoa ule ukuta hadi ukabaki wa kufika kiunoni, ndipo tukachuma.

Kwa hiyo Chathu, wauzie pilipili manga, Ittiamma, usimzuie. Lakini kilima msiwape, maana pale juu mtu huona kila paa letu. Na wakiomba lolote, kaangalieni kwa macho yenu, mkaulize hata kama swali litawachekesha.

Nikifa, nichomeni upande wa kusini wa ua. Msigombane kabla majivu hayajapoa… wala baadaye. Mungu wetu mama, Bhagavati, awafunike, awape watoto wasumbufu wa kuuliza…

Nani huyo anaimba nje? Sauti siijui. Katazameni… mje mniambie.