Shikamoo ya Mama Mzazi

Kwenye basi, mbele ya seremala, mama mshonaji alikuwa akimbembeleza binti anayemsafisha uso saluni.

"Kila wiki hapana, mama," binti alisema. "Ngozi si sufuria, utachubuka. Mara moja kwa mwezi inatosha."

"Mwezi ni mbali, mwanangu. Mama yangu kapoteza kumbukumbu. Juzi nimempelekea uji, akaniamkia: shikamoo, bibi."

Seremala, ambaye uso wake haujui zaidi ya sabuni ya kufulia, alitaka kucheka, akageukia dirishani.

"Na ukitoka kwangu?" binti aliuliza.

"Huniita mwanangu. Siku mbili tatu, kisha nakuwa mgeni tena."

"Ukichubuka hatakujua kabisa."

"Haya, niambie wewe: nimwitikie marahaba mama aliyenizaa?"

Basi lilisimama. Kilikuwa kituo cha binti, lakini hakuinuka.