Fundi Mipini, Aliyemtafutia Kila Mtu Fimbo Yake

Mzee wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Mipini, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya tatu ya mtaa wa wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa na mama yake alikuwa mshonaji. Marehemu bibi yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alijua kushika randa kabla ya kijiko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, kisha akajiunga na shule ya ufundi, ambako alihitimu mwaka 1968 akiwa wa kwanza katika useremala na wa mwisho katika uimbaji. Matokeo yote mawili yalikuwa ya haki, na waliokaa naye kanisani ni mashahidi.

Mwaka 1969 aliajiriwa na kiwanda cha zana, akitengeneza mipini ya majembe na nyundo. Miaka saba baadaye klabu ya gofu ilitafuta mtu wa kurekebisha fimbo zilizovunjika, naye akaenda, ingawa hakuwahi kuuona mchezo wenyewe. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya uwanja, akawatazama watu wazima wakipiga kampira na kukafuata, wakipiga na kukafuata. Akamwuliza mtunza nyasi, "Kaka, kwani hako kampira kamewakosea nini?"

Lakini macho yake yalikuwa kwenye mipini. Aligundua kuwa fimbo kubwa ya mpigo wa kwanza, ile wachezaji huiita draiva, hupinda kidogo mtu anapoizungusha. Mpini ukiwa mgumu kuliko nguvu za mpigaji, mpira huenda chini na kukimbilia kulia. Ukiwa laini mno, huenda kushoto. Ukiwa mrefu unaweza kuongeza umbali, ila mpira haugusi katikati ya uso wa fimbo. Basi akawa anapaka unga wa chaki usoni mwa fimbo ili aone mpira umegusa wapi. Wateja walitoka karakanani wametapakaa chaki hadi kwenye nyusi, lakini mipira yao ilikwenda walikotaka.

Mwaka 1979 alikuja klabuni mkunga mmoja kijana, na draiva aliyorithi kwa shangazi yake. Kila mpira aliopiga uliishia kwenye vichaka vya kushoto. Marehemu alimtazama mara tano, kisha akamwendea.

"Dada, fimbo hii si yako."

"Umeniona mwizi?"

"Hapana, dada, samahani! Nasema mpini wake ni laini, na wewe una nguvu."

"Wameniambia wanawake wote hutumia huo."

"Hao waliokuambia hawajakuona ukipiga."

Akamfungia mpini mgumu, akaukata inchi moja. Mpira wa kwanza ulipita juu ya banda la mtunza nyasi, ukanyooka kama uzi. Wiki iliyofuata mkunga alirudi, na iliyofuata tena, na fimbo yake haikuwa na kasoro yoyote. Marehemu akamwambia mama yake, "Mama, huyu harudi kwa sababu ya mpini." Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulikuja Agosti 1989. Mwenyekiti wa klabu alikuwa amejinunulia mpini mgumu kuliko yote, ule wa vijana wenye misuli, na mipira yake yote ilikuwa inatorokea kulia. Mashindano makubwa yalikaribia. Marehemu alichukua draiva tatu zinazofanana, akazungushia mipini yake utepe mweusi ili alama za ugumu zisionekane, akaziandika moja, mbili, tatu. Mwenyekiti akapiga zote mbele ya wanachama. Ya pili iliupeleka mpira mbali, tena katikati, mara sita mfululizo.

"Hii ndiyo!" akasema. "Hii ni ya wanaume!"

Utepe ukabanduliwa. Ilikuwa na alama ya mpini laini wa wazee. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo.

"Yaani unaniita mzee mbele za watu?"

"Mimi sijasema kitu, bosi. Mpira ndio uliosema."

Kabla ya saa kumi jioni alikuwa hana kazi. Alitembea hadi nyumbani na sanduku la vifaa begani, akijiuliza atamwambiaje mke wake, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Mama yetu alimsikiliza mpaka mwisho, akaangalia uani, akasema, "Banda la gari tunalo, gari hatuna. Weka meza yako humo."

Wiki tano hakuja mteja hata mmoja. Kila asubuhi marehemu alilifagia banda lililokuwa safi tayari. Wiki ya sita, Jumanne saa saba mchana, akaingia mtu aliyevuta kofia hadi masikioni.

"Ile namba mbili," akanong'ona mwenyekiti, "bado unayo?"

"Ipo, bosi."

"Nifungie. Ila alama yake ikwangue."

Marehemu akaikwangua. Mwenyekiti akatoka wa tatu katika mashindano, baada ya miaka tisa ya kushika mkia, na hapo banda likawa halina pa kukanyaga. Alimwomba marehemu arudi klabuni. Marehemu alishukuru, akasema ameshapigilia rafu za vifaa bandani. Mwenyekiti yupo nasi hapa mstari wa mbele, ana miaka tisini na mmoja, na ametupa ruhusa ya kuisimulia habari hii.

Mwezi Februari 2017 marehemu alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wake wa kushoto. Mama, aliyekuwa amestaafu, akawa mikono yake. Marehemu alikaa kitini akielekeza, na majirani walisikia kila neno.

"Gundi nyingi mno hiyo!"

"Nimefunga vitovu miaka thelathini. Leo unifundishe kubana?"

Lakini yeye mwenyewe, aliyewashauri watu miaka arobaini, alikataa kubadilisha mpini wake. Alipiga kwa ule wa ujanani, mpira ukaanguka hatua kumi mbele yake, akarudi ndani bila kusema na mtu siku mbili. Siku ya tatu mama alimwekea draiva tatu zenye utepe mweusi. Marehemu alizitazama muda mrefu, kisha akapiga zote, akachagua ya kwanza. Mama akabandua utepe. Ulikuwa mpini wa watoto wa shule. Marehemu akacheka hadi machozi yakamtoka, na mama naye hivyo hivyo. Tangu siku hiyo aliupiga mpira umbali wa hatua tisini, katikati ya nyasi, akishangilia kila mara kana kwamba ni mia tatu.

Mwezi Oktoba 2024 moyo ulianza kuchoka. Alilazwa tarehe 29, na Jumapili tarehe 3 Novemba, saa mbili asubuhi, alifariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada wawili, na draiva nne ambazo hazijamalizika mezani. Wenye fimbo hizo wasiwe na wasiwasi. Wapite bandani kuanzia Jumatatu ijayo. Mama ameshazipima, na amesema mmoja wenu ajiandae kusikia ukweli.

Mungu ampokee Fundi wetu na kumpa pumziko la amani. Amina.