Begi la Kila Jumamosi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yule aliyetufikisha mji huu tukiwa hai. Mchungaji amenipa dakika tano, lakini mtu wa saluni hajui kuongea dakika tano, mnivumilie. Na Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, Wakenya msinicheke.

Bwana yangu mnamwona, yule Mwargentina aliyekaa pale karibu na spika. Anajua ninamsema, ila hajui ninasema nini. Ndivyo tunavyoishi.

Alikuwa mshambuliaji. Mpira aliuanza kwao akiwa mtoto, akaucheza Bolivia, akaucheza Ugiriki, mwisho timu moja ya hapa Johannesburg ikamleta. Miaka yote hiyo hakuwahi kujipangia Jumamosi yake mwenyewe. Basi la timu linakuja, linapiga honi, anapanda. Mwaka 2017 goti likakataa, timu ikamwambia asante. Akawa wa kukaa nyumbani Malvern kutwa nzima, na mimi niko Jules Street nasuka watu.

Basi nawaambia, nilichanganyikiwa. Jumamosi ya kwanza nikamkuta anapanga begi: viatu vya mpira, soksi, taulo. Akakaa nalo mlangoni mpaka jioni, kisha akatoa vitu, akavirudisha kabatini. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Chakula anakisogeza pembeni. Mimi nikaona jambo moja tu: huyu anarudi kwao, ananiacha na mtoto, anakosa tu ujasiri wa kuvuka mlango. Mwanamke akiona mume na begi mlangoni atawaza nini kingine? Nililia saluni mpaka mteja akaniuliza kama dawa ya nywele imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Nikaomba, nikashinda bila kula, nikaona bora nijue moja. Nikasimama mbele yake na Kiingereza chetu hiki cha kuungaunga. "Unaenda wapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea. "Siendi popote," akasema. "Ni Jumamosi."

Eish. Nililala na jibu hilo nikaamka nalo, na sikulielewa.

Nikalipeleka kwa shemasi mmoja, yule anayeongoza timu ya wababa wa kanisa. Mnaijua timu yenyewe, tumbo linafika kwenye mpira kabla ya mguu. Naye hakuelewa. Akasema tu, "Mama, Jumamosi tutapita kumchukua."

Wakaja na kombi yao, wakapiga honi getini. Ndugu zangu, yule mtu alikuwa nje na begi lake kabla honi haijanyamaza. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, sijui nicheke au nilie.

Sasa nyinyi wababa mna desturi yenu, mgeni anaanzia golini, hata awe nani. Kama mlijua huyu ni nani mkanyamaza, mpaka leo hamjaniambia. Glavu hana, mkatuma mtu kwangu aombe zangu za saluni, zile za kupakia rangi ya nywele, bwana yangu akazivaa. Mkamfunga mpaka mkachoka. Mtu aliyefunga magoli nchi na nchi akarudi na vumbi mpaka masikioni, glavu zimechanika, anacheka peke yake. Akala bukari, ugali wetu, mpaka nikakwangua sufuria.

Na bado yuko golini. Mmempa nafasi ya mbele, ameikataa. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa Kihispania, kirefu, na mikono juu. Sikuambulia kitu.

Wababa, asanteni. Shemasi, Mungu akuongezee petroli. Somo langu ni dogo. Mtu wa nyumbani mwako akikuchanganya, usingoje umwelewe kwanza. Mtafutie wa kumpigia honi, kuelewa kutakuja, na kusipokuja mtaishi tu.

Jana asubuhi begi lilikuwa mlangoni tena. Nilitia glavu mpya ndani, nikavuta zipu mimi mwenyewe.