Sahihisho la Taarifa ya Tyngshain Marbaniang

Tyngshain Marbaniang, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mawasiliano wa chuo kikuu, alizaliwa mjini Mawkyrwat tarehe 11 Februari 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili. Wasifu wake aliuandika mwenyewe mapema, kurasa tisa, akaacha pengo la tarehe ya kufa tu. Dada yake, Ibanylla, anayewasomea hapa mazikoni, aliupitia wote akaurudisha kwenye droo. Huu ni mwingine.

Alisoma shule ya misheni palepale Mawkyrwat, akapata shahada Shillong mwaka 1980. Walimu walimsifu kwa insha zake. Mama yao alimjua zaidi. "Huyu ukimtuma maji," alisema, "atakuletea hotuba."

Alianza kazi gazetini mwaka 1981 akiwa msahihishaji, akaingia chuoni 1989, akawa mkurugenzi kuanzia 1999 hadi alipostaafu 2018. Kazi aliijua, hilo halina ubishi. Paa likivuja, aliandika kwamba chuo kinaboresha majengo. Wanafunzi wakigoma, aliandika kwamba wako mapumzikoni. Lakini gazeti likikosea hata cheo chake, mhariri alipigiwa simu papo hapo: "Kosa lilikuwa ukurasa wa kwanza, ndugu yangu. Sahihisho nalo liwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilezile. Usinifiche huko nyuma kwenye matangazo ya mbolea!" Alipenda pia kuvua kwa ndoana, na samaki wake wa kilo moja alifika nyumbani ana kilo tatu.

Agosti 2006 wanafunzi thelathini na mmoja waliugua tumbo bwenini. Tangi la maji lilikuwa halijasafishwa kwa miaka miwili, na mpishi alikuwa ameshaandika barua tatu kulilalamikia. Tyngshain alizisoma zote tatu, kisha akatoa taarifa kwamba chanzo ni "uzembe wa mpishi". Mpishi huyo ni Shemphang Kharsati, mume wa Ibanylla. Alifukuzwa, na hakuna jiko lililomtaka tena. Sokoni walimtania, "Shemphang, leo umelaza wangapi?" Hata kwenye misiba ya majirani, sufuria ilipoinjikwa, aliambiwa akae tu apumzike.

Tyngshain alimwoa Daphira Syiemlieh mwaka 1986, akahamia kwa mama mkwe kama wanaume wetu wote, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 2011 mama mkwe alichoka na hotuba, akamtolea sanduku lake mlangoni. Tyngshain akarudi nyumba ya mama yake, ambayo kwa mila yetu imerithiwa na binti, yaani Ibanylla. Neno lake la kwanza kizingitini lilikuwa, "Shemeji, kuna wali?" Shemphang alimpakulia. Ingekuwa Ibanylla, angemmwagia.

Oktoba 2023 alipatwa na kiharusi. Kwa miezi minane Shemphang alimlisha uji wa mchele, kijiko kwa kijiko. Asubuhi moja Ibanylla alishindwa kuvumilia. "Kaka, ile taarifa utaisahihisha lini?" Mdomo wake ulikuwa umepinda, lakini jibu lilitoka wazi: "Taarifa ikishatoka, imetoka." Halafu akapanua kinywa apewe kijiko kingine. Ibanylla hajamsamehe, wala hatadanganya mbele ya jeneza. Tyngshain alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha Daphira, mabinti wawili, dada mmoja, na shemeji ambaye kurasa zile tisa hazikumtaja hata mara moja. Kwa hiyo tazameni ukurasa wa kwanza wa programu mliyoshika. Juu ya picha ya marehemu, kwa herufi zilezile za jina lake, limechapwa sahihisho: mwaka 2006 wanafunzi waliugua kwa maji machafu ya tangi. Shemphang Kharsati hakukosea.

Wali na nyama mtakavyokula baada ya maziko amevipika yeye. Anayemwogopa na arudi kwake na njaa.

Tyngshain akatafune popoo nyumbani kwa Mungu, kama tunavyowaaga wafu wetu, na apumzike kwa amani, akiweza. Shemphang ameshaanza kuipata amani hiyo.