Waliompangia Lwitiko Vyuma

Kijiwe chetu kiko Sogea, hapa Tunduma, malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Kiko ubavuni mwa banda langu la kuziba pancha. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori lililokufa, umelazwa juu ya ringi mbili. Asubuhi Nesta anakuja na birika la kahawa na karanga za kukaanga, wazee wa kijiwe wanakuja na midomo. Jumatatu ile midomo ilikuwa michungu kuliko kahawa. Ijumaa iliyopita Lwitiko, mbeba magunia wetu, alichanika kifua akiwa chini ya chuma, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mashindano ya kutunisha misuli kule Vwawa. Waliompangia mazoezi walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa wamekaa benchi moja, kila mmoja akitafuta kumtwika mwenzake kosa.

Wa kwanza ni Ferdinand, tunamwita Kontena. Zamani alikuwa baunsa wa baa, siku hizi kifua kimeshukia tumboni. Wa pili ni Rabson, fundi wa malori, jina la kijiwe ni Gia. Vyuma ni vyake, viko uani kwake, gia chakavu za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Wa tatu ni Enoka. Ana duka la dawa za mifugo, ndiyo maana tunamwita Dokta.

Kontena: Nasema tena, na nitasema mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanisikie. Kifua kinaenda na nyuma ya mkono. Ukilala pale unasukuma, si ndiyo? Kifua kinasukuma, nyuma ya mkono inasukuma. Wamechoka pamoja, wakalale pamoja. Nilimpa Jumatatu na Alhamisi, na jamaa akajaa kinoma. Sasa nani aliharibu?

Gia: Mbona unaniangalia mimi?

Kontena: Naangalia Zambia. Wewe umekaa katikati.

Gia: Sikia, mzee. Mimi nilimpa miguu na mabega, Jumanne na Ijumaa. Lori huwezi kukaza springi za nyuma ukaacha za mbele. Ulitaka apande jukwaani na kifua kama mlango na miguu kama ya kuku?

Dokta: Hapo ndipo mlipomwua. Miguu na mabega siku moja! Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ukishaishusha damu miguuni, kuipandisha mpaka begani ni kama semi na mlima Senjele. Haifiki. Bega linabaki kavu. Mimi nilimpa mgongo na mbele ya mkono, vinavuta pamoja, viko jirani, damu haisafiri.

Kontena: Ulimpa lini?

Dokta: Jumatano. Na Jumamosi.

Nesta alikuwa anamimina. Alisimamisha birika hewani.

Nesta: Na magunia alikuwa anabeba saa ngapi?

Gia: Mchana. Magunia si mazoezi, Nesta. Magunia ni kazi.

Nesta: Aha.

Niseme kidogo habari za Lwitiko, maana wao pale walimtaja kama mtu anavyotaja gari. Alitoka Ikinga, kule Ileje, akaja kubeba mahindi kwenye maghala. Mpole, mtu wa kanisani, akikusalimia anavua kofia. Madereva hawakumjua jina. Walimwita "Wewe, gunia!" naye aliitika. Mwaka jana Tunduma tulipeleka mtu Vwawa kwenye yale mashindano, watu wa huko Mbozi wakamcheka mpaka akashuka jukwaani kabla hajageuka kuonyesha mgongo. Kontena alirudi ameapa kulipiza. Akawa anazunguka maghalani akitazama migongo ya watu, mpaka macho yake yakamwangukia Lwitiko akipanda ubao wa lori na gunia shingoni.

Nilimwuliza Lwitiko siku moja alipokuja kwangu kujaza upepo baiskeli kwa nini amekubali. Akafikiri. Akasema, "Kaka, tangu nije mji huu watu wananijua kisogo tu. Nimeinama muda wote. Nataka nisimame mahali, hata mara moja, watu wanione uso."

Basi wakamshika. Lakini hawakukubaliana wampangie nini. Kontena anataka kifua, Gia anataka miguu, Dokta anataka mgongo. Walibishana siku nzima, kahawa ikaisha, na mwisho kila mmoja akajichukulia siku zake, kama watu wanaogawana shamba la marehemu. Lwitiko alikaa pembeni kofia mkononi, akiitikia kila mmoja, "Sawa, kaka."

Kontena: Kwanza Gia hukumpasha moto ile Ijumaa.

Gia: Nilimpasha! Alitoka kupakia semi mbili za Wakongo, huyo bado wa kupashwa? Alikuja anatoa mvuke. Nikampa miguu, nikampa mabega, nikamwambia nenda kaoge. Nani alikuja kusema "bado kifua"?

Kontena alichukua karanga, akazimenya moja moja.

Kontena: Kidogo tu. Kesho yake ilikuwa jukwaa. Nilitaka kijae, kionekane. Haba na haba hujaza kibaba.

Gia: Jana yake ulishampiga kifua!

Kontena: Ndiyo kibaba chenyewe.

Dokta: Na alikwambia bega linavuta. Nilikuwepo. Alisema, "Kaka, hapa panavuta."

Kontena: Ukampaka dawa wewe! Ukasema dakika mbili tu ataona maajabu!

Dokta: Dawa nzuri ile. Ng'ombe wa Momba wote wanaijua.

Nilikuwa bandani kwangu ile Ijumaa, na kati yangu na uani kwa Gia pana ukuta wa matofali tu. Nilisikia Kontena akihesabu kwa sauti, "Sukuma, mwamba! Sukuma, Vwawa hiyo!" Kisha nikasikia mlio. Nilidhani mtu amechana turubai. Halafu vyuma vikaanguka, halafu Lwitiko akalia, si kwa nguvu, kama mtu anayeomba radhi. Nilipofika alikuwa ameketi chini amekumbatia mkono wa kulia, na kifua upande mmoja kimejikunja kuelekea katikati, upande wa kwapa pamebaki shimo. Mkono uliiva weusi palepale. Alinitazama akasema, "Kesho nitasimamaje?"

Tulimpakia bajaji. Kesho yake Vwawa walipanda wengine. Sijui nani alishinda, na pale kijiweni hakuna aliyeuliza.

Nesta: Nani amekwenda kumwona hospitali?

Gia: Nina injini ya mtu imefunguliwa.

Dokta: Mimi hospitali hizo... wataniuliza maswali ya kitaalamu, tutapishana bure.

Kontena: Mimi nitakwenda. Nikienda sasa atajisikia vibaya. Aliniangusha, unajua. Mtu akishakuangusha anaona aibu kukuona.

Nesta alisogea akaketi mbali kidogo, juu ya tairi langu.

Basi wakarudi kwenye ubishi wao, maana huko ndiko walikokuwa na raha.

Dokta: Kosa ni la kuunganisha. Misuli ina wivu, ndugu zangu. Kifua na mgongo ni wake wenza. Huyu ukimpa nyama Alhamisi, yule anajua. Anakaa na kinyongo mpaka Ijumaa. Kifua hakikuchanika, mgongo ndio ulikivuta kwa hasira!

Gia: Wivu gani? Ni balansi. Yule beba yake yote ni bega la kulia, miaka nenda miaka rudi. Mimi niliwaambia tumgeuze, gunia abebe kushoto, asali kushoto, alale kushoto. Mkamcheka. Gari likila tairi upande mmoja, unahamisha tairi.

Kontena: Mwili wa mtu unahamisha tairi?

Gia: Unashindikana nini?

Kontena: Nyie hamjui kitu. Mnajua benchi la Gia limeelekea wapi? Kichwa Nakonde, miguu Tanzania. Huwezi kumlaza mtu mpakani umsukumishe. Nguvu zinavuka. Wazambia wale wamejaa vifua bure, nani anawapangia? Zinatoka kwetu! Ndiyo maana wahenga wakasema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi tuko juani, wao wako kivulini.

Dokta: Wanaolia ni wao, kwa msemo huo.

Kontena: Ndiyo, wanalia kwa kushiba!

Dokta: Basi na ugali nao. Alikuwa anakula mahindi ya huku au ya ng'ambo? Kama alichanganya, kifua kimoja kimejengwa kwa kwacha, kingine kwa shilingi. Lazima pachanike kati!

Hapo hata Gia alikubali kwa kichwa. Walikuwa wamepata mwafaka wa kwanza tangu asubuhi, kwamba kosa lilikuwa la unga. Kontena alinyoosha kikombe aongezewe, kidogo uso umemchangamka.

Ndipo akaja mama mmoja. Alitokea kati ya malori mawili, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vina udongo mwekundu wa safari, begi la nguo begani. Alisimama mbele ya benchi akapiga goti kidogo, kama wanavyosalimia watu wa Ileje.

Tabita: Shikamooni, kaka zangu.

Wote: Marahaba.

Tabita: Naitwa Tabita. Ni dada yake Lwitiko, nimetoka Ikinga. Nimepitia nguo zake alikopanga. Ameniambia rafiki zake wa mazoezi nitawakuta hapa.

Kontena alisimama. Mtu mkubwa, akawa hajui aweke wapi mikono. Alimpisha akae, mama akakataa kwa upole, akasema gari linamngoja.

Kontena: Pole sana, dada yangu. Mwamba wetu anaendeleaje?

Tabita: Yupo. Wanataka kumpasua, waushone msuli urudi mahali pake. Lakini wamesema magunia asahau. Hata ukishika, magunia asahau. Jana alilia kidogo, akanyamaza. Anawasalimu sana.

Dokta alitazama chini. Gia alijifuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, mikono iliyokuwa safi.

Tabita: Hana kinyongo. Anasema mlimpenda, hakuna mtu mwingine hapa mjini aliyewahi kushughulika naye. Ila daktari ana jambo anataka kulijua kabla hajampasua. Alimwuliza yeye, akawa hakumbuki, anachanganya. Akaniambia, dada, waulize wenyewe walionipangia, wao wanajua.

Gia: Uliza, dada. Sisi tuko hapa.

Tabita: Anauliza, kwa wiki alikuwa anapumzika siku gani?

Foleni ilisogea. Lori moja likatoa pumzi za breki, likasimama tena. Nilimwona Gia akihesabu kwa kidole gumba, kidole kwa kidole, midomo ikicheza.

Gia: Jumatatu alikuwa kwako, Kontena. Jumanne kwangu. Jumatano Dokta...

Dokta: Jumapili. Jumapili si alikuwa anakwenda kanisani?

Alisema kwa matumaini, akimtazama Kontena kama mtu anayeomba maji.

Kontena: Akitoka kanisani alikuwa anakuja kwangu. Kurudia kifua.

Alisema polepole mno, nusura tusimsikie. Kisha akaketi.

Tabita aliendelea kungoja. Ndicho kinachonichoma mpaka leo. Hakuwa amekuja kugombana wala kutuhukumu. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, akasimama pale akiamini kwamba watu wazima watatu, waliojua misuli ya mdogo wake yote kwa majina, lazima mmoja wao ana jibu. Alimtazama Kontena, akamtazama Gia, akamtazama Dokta, akanitazama na mimi mlangoni mwa banda. Dereva wa gari lake alipiga honi.

Nesta aliinuka, akammiminia kikombe. Yalitoka matone, kisha machicha.

"Imeisha, dada," akasema. "Samahani."

"Haidhuru, mdogo wangu." Tabita alipandisha begi begani. "Basi kaka zangu, nitamwambia daktari siku hiyo haikuwepo."

Akapiga tena goti kidogo, akatuaga mmoja mmoja.