Bi. Orpha Greenaway na Ngoma Iliyotolewa Kabatini

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 2023, Bi. Orpha Greenaway anastaafu baada ya kuyatumikia makumbusho yetu hapa kisiwani Montserrat kwa miaka thelathini na minne.

Alianzia Plymouth, mji mkuu wetu wa zamani, akipangusa vumbi na kuuza tiketi. Mlima wa volkano ulipoanza kutema majivu mwaka 1995, alikuwa tayari mtunza vifaa vya kale. Tulivihamishia kaskazini kwa lori la mchanga. Yeye alipanda nyuma, ngoma ya wacheza vinyago ameipakata kama mtoto mchanga. Alishuka mweupe kwa majivu hadi kope, akauliza kama kuna chai.

Mji ukafukiwa. Jamaa zake wakaenda Uingereza, na dada yake hakuchoka kupiga simu: "Orpha, unangoja nini huko, mlima ukuzike?"

"Nakungoja wewe urudishe sufuria yangu!"

Krismasi ya mwaka 1997 wengi wetu tulikuwa tukilala makanisani na madarasani. Tangu enzi za mababu waliotumikishwa kwenye mashamba ya miwa, Krismasi haipiti bila wacheza vinyago kuingia barabarani na kofia zao ndefu na mijeledi. Mwaka ule barabara ilikuwa kimya. Wachezaji wametawanyika, ngoma zao ziko chini ya majivu. Iliyosalia ilikuwa yetu, ndani ya kabati la kioo, na amri ilikuwa haiguswi.

Bi. Orpha akaitoa, akampelekea Ellis Tuitt, mpiga ngoma aliyekuwa akilala kanisani, mtu wa hasira za karibu.

"Mwanamke, hii mali ya serikali!"

"Kabla ya serikali ilikuwa ya mjomba wako. Piga, Ellis, au nipige mimi tuaibike wote."

Akapiga. Watu waliokuwa wamejilaza tangu asubuhi wakatoka nje, watoto wakajikatia vinyago kwenye maboksi ya misaada. Walicheza siku mbili. Siku ya pili ngozi ikapasuka.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Lindsey, alifoka: "Kitu cha miaka mia, Orpha! Umekiua!"

"Nimekipasua, Bwana. Nitawamba ngozi nyingine."

Alipewa onyo kali, na hajawahi kulipinga. Ngozi ile ya zamani ndiyo imekwenda, na alipoikunja alilia mbele yetu. Kisha akatafuta mbuzi. Yeye na Ellis wakaiwamba ngoma upya, na kila Jumamosi kwa miaka mingi wakawafundisha watoto mapigo uani kwetu. Kundi linalocheza leo linaongozwa na watoto wale, ambao sasa wana watoto wao.

Bi. Orpha, Krismasi hii usishone kofia ya mtu wala kumbebea mchezaji maji. Simama kando ya barabara na bakuli lako la mchuzi wa mbuzi, utazame. Asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na miguu isiyotulia ngoma inapopita.